Kabla ya Kuandika Lushoto kwenye Fomu

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa shuka, saa ya ukutani, na ombi moja: niwaandikie mambo ya kazi, ninyi vijana wa idara ya afya mnaobaki. Basi naandika. Vyeo sitaandika, mliviona kwenye mafaili. Mshahara mnaujua, ni huo huo wenu. Nitaandika habari ya fomu moja, ya madumu matatu meupe, na ya mama mmoja anayeanika dagaa mwaloni. Mkichoka mtaniambia, mimi mwenyewe sina subira, na humu mtaona kukosa subira huko kulinifikisha wapi.

Fomu kwanza. Mtumishi akistaafu anaulizwa atakwenda kuishi wapi, maana mizigo yake inasafirishwa mara moja tu mpaka huko alikoandika. Ukishaandika, umeandika. Mimi nimezaliwa Lushoto, milimani, nikaletwa Kigoma kijana, nikaoa Ujiji, mvi zikanikuta hapa. Kwa hiyo nilikuwa na miji miwili ya kuchagua, wa mlimani na wa ziwani, na kila aliyeniuliza nilimjibu haraka: Lushoto. Nilisema ni hewa. Nilisema ni goti. Nilisema shamba la marehemu baba linavamiwa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Mke wangu Zaituni, mzaliwa wa Buzebazeba, hakudanganyika.

"Huko Lushoto kuna migebuka?" aliniuliza.

"Kuna kabichi."

"Kabichi." Alilirudia hilo neno kama mtu aliyetukanwa. "Niache samaki wa kwetu nikale kabichi mpaka nife. Na baridi ile nitajifunika nini, godoro?"

"Utazoea."

"Wewe miaka yote hii umezoea nini? Nikisema tupite mwaloni unazunguka njia ya juu, jua lote hilo, kama umeiba wavu wa mtu."

Mwaloni, pale boti zinapofunga, kuna mama anaitwa Mama Alina. Mtoto wake alifariki miaka ya wakimbizi, naye wakati huo alikuwa mgonjwa, hakuona alipozikwa. Kila akiniona alikuwa ananiuliza kama nakumbuka mahali. Kila mara nilimjibu sikumbuki. Nakumbuka. Nimeandika. Na nilikuwa nataka kuondoka na jibu hilo kwenda nalo Lushoto, ndiyo sababu yenyewe hiyo.

Sasa nirudi mwanzo, twende kwa mpangilio.

Nilifika Kigoma kwa treni, asubuhi ya siku ya tatu, nina begi moja, viatu vya ngozi na daftari la kaunta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasoma kozi fupi ya afya, nikajiona daktari. Reli inaishia pale stesheni. Ukitaka kuendelea mbele unaingia majini. Aliyenipokea ni bwana afya Mzee Kombo, mtu wa Pangani, mwembamba, kofia ya kiua, sauti ya chini. Nikampa shikamoo. Akaitikia huku anaangalia miguu yangu.

"Viatu hivyo vya ngozi?"

"Ndiyo, mzee."

"Vitakufa." Akatangulia kutembea.

Vilikufa wiki ya pili, klorini ilivila.

Wakati huo watu walikuwa wanavuka ziwa kutoka ng'ambo, Kongo, kila siku. Boti za mizigo, boti za uvuvi, mitumbwi ambayo mimi nisingepanda hata imefungwa kwenye mti. Ufukwe ulijaa magodoro, masufuria, cherehani, na mbuzi mmoja ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Walikuwa wanangoja malori ya kuwapeleka makambini, na malori yalikuja yalipotaka. Choo hakuna. Maji ni ziwa. Wanachota hapa, na hatua kumi kutoka hapo mwingine anajisaidia, kwa sababu aende wapi? Kipindupindu kilikuwa kimeshashuka nao kwenye boti.

Kazi yangu ilikuwa moja. Kusimama palipotengwa kwa kuchota, na bomba la sindano lisilo na sindano, na dumu la dawa pembeni. Mtu anachota ndoo, anaiweka mbele yangu, naivutia dawa kiasi, naimwagia, namwambia angoje nusu saa ndipo anywe. Ndoo inayofuata. Kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Wakaniita Bwana Maji.

Hiyo dawa ilichanganywa kila asubuhi kutoka kwenye unga wa klorini. Mzee Kombo alikuwa na dumu moja jeusi, lenye kifuniko, analiweka chini ya turubai. Linatosha siku moja tu. Kila asubuhi anapima unga kwa kijiko kile kile, anakoroga kwa fimbo ile ile, anangoja litulie, anachuja. Saa nzima. Kisha mchana anatembea mpaka kwa mtu wa mwisho kabisa kwenye mstari, aliyekwisha kupeleka maji kwenye godoro lake, anamwomba kikombe, ananusa, anatia kidonge cha kupimia. Maji yakigeuka rangi ya waridi, dawa ipo. Yakibaki meupe, haipo.

"Mbona hupimi ya kwanza, iko hapa karibu?" nilimuuliza.

"Ya kwanza nimeiona ikitiwa. Nataka nijue anakunywa nini yule wa mwisho."

Watu waliichukia harufu. Wanasema inanuka hospitali. Wengine wakigeuka tu wanamwaga, wanachota tena pembeni. Mzee Kombo akawa anapita godoro kwa godoro anawafundisha kwa sentensi moja: maji yasiponuka, msinywe. Aliyeishika vizuri kuliko wote ni mwanamke mmoja kijana kutoka upande wa Fizi, ana binti wa miaka mitano hivi anaitwa Alina, mwenye gauni la njano na makamasi. Mumewe alibaki ng'ambo, alikobaki hakupasema. Huyo mama alikuwa ananusa ndoo mbele yangu kabla hajaiinua, na Alina naye ananusa, anakunja uso, anacheka.

"Inanuka?" namuuliza mtoto.

"Inanuka mubaya!"

"Basi ni nzuri. Nenda."

Nilikuwa naandika daftari langu kila siku. Hilo mlijue. Nilijiambia haya ni mambo makubwa na mimi nipo, lazima mtu ayaandike. Shida ni muda. Usiku hakuna taa, mchana kuna ndoo, kulikuwa na saa moja tu ya mwanga nikiwa na akili safi, na ndiyo ile ya kukoroga dawa. Nilikuwa nasimama na fimbo naangalia unga unatulia, napata hasira kama mtu aliyefungiwa chumbani.

Halafu Mzee Kombo akaitwa aende kusini kwa boti, siku nne, kuangalia mahali pengine watu walikoshukia. Akaniachia ufunguo wa unga. "Kila asubuhi," akasema. Akapanda boti.

Daftari ninalo. Nanakili kama lilivyo.

"Jumatatu. Nimepata akili. Nimechanganya ya siku zote nne kwa mpigo, ya leo dumu jeusi, zilizobaki madumu matatu meupe ya mafuta ya kupikia. Nimeyapanga mchangani karibu na mimi. Kila asubuhi nina saa nzima ya kuandika. Sijui kwa nini mzee hakuwaza hili."

"Jumanne. Nimeandika kurasa tano."

"Jumatano. Leo hakuna aliyelalamikia harufu. Wameanza kuzoea. Mama mmoja mbishi kaniuliza mbona hainuki, nimemwambia asonge, watu wanangoja. Siku nzuri sana."

Huyo mama mbishi ni Mama Alina. Aliinama, akanusa, akanusa tena.

"Bwana Maji, juu ya nini leo maji haina harufu?"

"Mama, ikinuka mnalalamika, isiponuka mnalalamika. Dawa nimetia, umeona kwa macho yako."

"Nimeona. Lakini haina."

"Songa, mama. Kunywa tu."

Akaiinua kichwani. Alina akashika pindo la kitenge chake, wakaondoka.

Mzee Kombo alirudi Alhamisi mchana. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa mtu wa mwisho, akaomba kikombe, akatia kidonge. Nilimwona kwa mbali amesimama anakiangalia kile kikombe muda mrefu kuliko kawaida. Akaja nacho mkononi. Maji yalikuwa meupe, kidonge kimelala chini.

"Tia wewe," akanipa kidonge kingine na maji kutoka ndoo iliyokuwa mbele yangu.

Nikatia. Meupe.

"Rudia."

Nikarudia. Meupe.

Akageuka akaona madumu. Mawili yamekwisha, la tatu nilikuwa nalitumia. Yote yanang'aa juani.

"Haya umechanganya lini?"

"Jumatatu, mzee."

"Na yamekaa hapa hapa."

"Ndiyo, mzee."

"Dawa hii jua linaila, bwana mdogo. Lile dumu jeusi sikulichagua kwa kupenda rangi."

Nilisema nilitaka kuokoa muda. Akauliza muda wa nini. Nikamwonyesha daftari. Alilifungua mwenyewe, akasoma Jumatatu, akasoma Jumatano, akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anavyorudisha kitu cha msikitini.

"Endelea kuandika," akasema. "Andika na hili."

Nilidhani ataniripoti. Nilingoja siku nzima. Jioni nikamuuliza mwenyewe, maana kungoja siwezi.

"Nikiandika ripoti watakuondoa kesho," akasema. "Ndoo zile nitazisimamia na nani? Kesho asubuhi utachanganya mbele yangu. Halafu utakwenda hemani."

Hemani ni kwa wagonjwa wa kipindupindu. Wengi wenu hamjaliona, na mshukuru. Mlangoni kuna gunia lililoloweshwa klorini, unakanyaga ukiingia, unakanyaga ukitoka. Ndani ni vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini yake, kwa sababu mtu hana nguvu ya kuinuka. Chupa za maji ya dripu zimening'inia kwenye kamba. Kazi yangu ilikuwa kumwaga ndoo, kupima kilichotoka, kuwaambia wauguzi, kunyunyizia dawa. Wagonjwa walikuwapo kabla ya Jumatatu yangu, na waliendelea kuja baada yake. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Walikuwepo watu waliokunywa ziwa bila kupita kwangu. Sijui ni nani aliugua kwa maji yangu na nani aliugua kwa mengine, na hakuna wa kunijibu. Lakini wiki ile vitanda havikutosha, tukalaza watu chini. Hilo nililiona.

Mama Alina na binti yake waliletwa Ijumaa. Mama kitanda cha sita, macho yameingia ndani, hawezi kugeuza shingo. Mtoto pembeni yake. Mkono wa Alina ulikuwa mdogo na mishipa imejificha, muuguzi alihangaika nao hapa na pale. Mtoto aliponiona alikunja uso vile vile alivyozoea kwenye ndoo. Labda ni maumivu. Jumamosi kabla ya saa sita alikuwa amekufa, na mama yake hakujua, alikuwa hajui hata yeye mwenyewe yuko wapi.

Tulimzika mimi na Mzee Kombo. Tulimnyunyizia dawa, tukamfunga kwenye turubai, tukambeba kwenye machela pamoja na maiti ya mzee mmoja, mpaka kwenye mteremko nyuma ya mikaratusi. Kaburi lake halikuwa na alama ila kijiti. Hata vijiti vile havikudumu, watu walihitaji kuni. Niliandika:

"Jumamosi. Alina wa kitanda cha sita, mtoto wa yule mama. Safu ya tatu kutoka juu, wa nne kuanzia mkaratusi wenye panda. Gauni la njano."

Baada ya siku kadhaa mama yake alipata fahamu, akakaa. Nilikuwa namwaga ndoo. Akaniita kwa sauti ya kukauka.

"Bwana Maji. Mutoto wangu wamemuweka wapi?"

Daftari lilikuwa mfukoni. Kurasa za Jumamosi na Jumatano zinatazamana, ukifungua moja unaiona na nyingine. Lakini sikuhitaji daftari, nilikuwa najua kwa kichwa. Nilisema, "Walizikwa wengi, mama. Sikumbuki." Nikachukua ndoo nikatoka. Mkitafuta jina la hilo, ni uoga, sina jina lingine.

Lori likaja, akapelekwa kambini na wenzake. Nikafikiri imekwisha.

Miaka ikaenda. Nilifanya kazi zenu hizi hizi: visima, machinjio, vyoo. Mtaa wa Rusimbi niliwahi kumkuta mzee amejenga choo kizuri kuliko nyumba yake, amekipiga kufuli ili watu wasikichafue, familia nzima wanakwenda kichakani. Nikamwambia afungue. Akaniambia, "Bwana afya, ulisema nijenge. Hukusema tutumie." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku za namna hiyo zilikuwepo, nisiwaonyeshe kazi kuwa ni makaburi tu. Dawa nilichanganya kila asubuhi, dumu jeusi, na nilipima kwa mtu wa mwisho. Hapo sikukosea tena.

Mzee Kombo alistaafu akarudi kwao Pangani, baharini. Siku ya kumsindikiza stesheni nilimuuliza kwa nini asikae Kigoma, maji ni maji.

"Bwana mdogo," akasema, na mimi nilikuwa nimeshaota kitambi, "watu wanachagua mji kwa upepo. Chagua mahali ambapo ukianguka bafuni yupo atakayesikia." Akapanda, akateremsha dirisha. "Na yule mama?"

"Yupi?"

Aliniangalia. Treni ikaondoka. Alifariki huko Pangani, sikuwahi kumjibu.

Yule mama alikuwa amerudi mjini. Aliolewa na mvuvi, akaanza kuanika dagaa kwenye mchanga ule ule niliposimama na bomba langu la dawa. Mara ya kwanza kumwona nilitaka kukimbia, akaniwahi.

"Bwana Maji! Bado uko muzima! Jamani, huyu ndiye alikuwa anatupa maji tukitoka boti!" Akanifungia dagaa kwenye gazeti, akakataa malipo. Kisha taratibu, wenzake wasisikie: "Haukumbuki bado, pale walimuweka?"

"Sikumbuki, mama."

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Shukrani mbele ya watu, dagaa kwenye gazeti, swali, uongo. Nikaanza kupita njia ya juu.

Sasa mnaelewa kwa nini nilisema Lushoto. Kabla sijajaza fomu nilikwenda kuangalia. Nilifikia kwa mdogo wangu, baridi imekaa, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, watu wananisalimia Kisambaa na mimi najibu nusu nusu. Bintiye akaniletea maji kwenye bilauri, ya chemchemi, baridi mpaka meno yanauma. Nikayainua puani.

"Baba mkubwa, unanusa nini?" akacheka. "Si maji tu hayo!"

"Yamechemshwa?"

"Ya chemchemi, yachemshwe ya nini? Hayana hata harufu."

Nikayaweka chini. Mtoto wa watu akafikiri nimemdharau, akaenda kuniletea soda. Nilikaa pale siku tatu nikinywa soda kama niko harusini, na usingizi hakuna. Nilikuwa nimepanda milima yote ile na bado niko mbele ya ndoo.

Nikarudi Kigoma na fomu tupu. Nikamweleza Zaituni yote, nikiwa nimesimama, tangu madumu mpaka kijiti. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo," akasema, "ulitaka kunitoa mimi kwetu, kwenye kaburi la mama yangu, ili wewe usimwonyeshe mwenzio kaburi la mwanawe."

"Zaituni..."

"Vaa viatu. Chukua hilo daftari."

Tulipita njia ya chini. Mama Alina alikuwa amepiga magoti anageuza dagaa, jirani yake amekaa na fimbo anafukuza kunguru. Aliinua kichwa.

"Bwana Maji! Leo umekumbuka njia? Na mama mwenyewe! Karibuni."

"Mama Alina, nimekuja na kitu cha kukusomea."

"Kunisomea? Mimi sina barua."

Jirani alitaka kutania, akaona uso wa Zaituni, akarudi kwa kunguru wake. Nilifungua daftari. Sikuanza Jumamosi. Nilisoma Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nikasoma "Siku nzuri sana" na sauti yangu ikatoka vizuri tu, sijui ilitoka wapi. Nikamweleza habari ya dumu jeusi na jua. Mikono yake ilikuwa bado kwenye dagaa, haigeuzi.

"Rudia," akasema.

"Yote?"

"Ile ya mama mubishi."

Nikarudia.

"Mubishi ni mimi."

"Ni wewe."

"Nilikuambia haina harufu."

"Uliniambia."

"Ukasema nikunywe." Akaitoa mikono kwenye dagaa. "Mimi nikamupa na mutoto. Nilijua, nikamupa. Juu wewe ulikuwa mutu wa serikali. Miaka yote hii nilikuwa nasema ni mimi nilimuua."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimebeba langu, sikujua kuwa yeye amebeba hilo hilo.

"Basi nasoma Jumamosi," nikasema, na nikasoma. Safu ya tatu. Wa nne. Mkaratusi wenye panda. Gauni la njano.

Akainuka, akajipangusa magamba kwenye kitenge, akamwambia jirani aangalie kunguru. "Twende," akasema. Hakusema na mimi, alisema na Zaituni.

Ule mteremko sasa nusu yake ni nyumba. Safu ya kwanza na ya pili zimekwenda, kuna ukuta na banda la matofali. Mkaratusi wenye panda ulikatwa, kisiki kipo. Kuanzia ukutani kushuka ni shamba la mihogo. Mwenye shamba, dada mmoja na jembe, alitusalimia kwa Kiha, "mwakeye", akatuangalia tunavyohesabu hatua katikati ya matuta yake. Zaituni akaenda kuongea naye. Sijui alimwambia nini, ila yule dada aliweka jembe chini na hakuligusa tena mpaka tulipoondoka.

Nilihesabu kutoka kwenye kisiki. Nikarudi nikahesabu tena.

"Hapa," nikasema.

Mama Alina hakusogea. "Uko na hakika?"

"Nina hakika."

"Hata siku ile ulikuwa na hakika."

Nikamwonyesha kisiki, nikamwonyesha mahali ukuta ulipokata safu ya pili, nikahesabu kwa sauti, yeye akihesabu na mimi kwa vidole. Ndipo akakaa, kati ya mihogo miwili, akaweka kiganja kwenye udongo kama mtu anayepima homa. Alikuwa anasema kitu kwa Kibembe, siwezi kuwaandikia kwa sababu sikukielewa na hakikuwa changu. Zaituni alikusanya mawe manne. Mimi nilisimama. Hakuna kazi niliyopewa.

Baadaye akainua uso.

"Mama Zaituni anasema unaenda kwenu, kwenye baridi."

"Nilikuwa nataka."

"Sasa uende," akasema. "Nilikuwa nakuita kila siku juu ulikuwa na kitu yangu. Sasa umenipa. Uende."

Hakusema kwa hasira. Hakusema pia kwa wema. Nimeligeuza neno lile kila upande, sikukuta msamaha ndani yake, na sikuwa nimeuomba.

Kwa hiyo wenzangu, haya ndiyo niliyonayo. Dumu liwe jeusi, lenye kifuniko, kivulini. Changanyeni kila asubuhi hata kama unga unatosha mwezi. Pimeni kwa yule wa mwisho. Na mtu asiyesoma akikwambia maji hayanuki, simamisha mstari mzima, wote wangoje, upime. Mtachukiwa kwa nusu saa tu.

Jumatatu iliyofuata nilipeleka fomu. Binti wa utumishi, yule mwenzenu mpya, aliisoma akaniangalia.

"Mzee, umeandika Kigoma. Nyumbani si Lushoto?"

"Andika Kigoma."

"Sasa mizigo tutasafirisha kwenda wapi?"

"Haiendi popote."

Akagonga muhuri. Tangu siku hiyo kila nikitoka napita njia ya chini, na Zaituni au peke yangu. Mama Alina yupo pale pale na dagaa zake. Haniiti tena Bwana Maji, na gazeti la dagaa halipo. Anainua kichwa, ananiona, anainama anaendelea kugeuza.

Mimi napita.